Jibu Alilopewa Mgeni

Mwaka mama alipoanza kupoteza kumbukumbu ndio mwaka ambao kaka yangu alikuwa anaifundisha kompyuta kukumbuka.

Kazi hiyo aliifanyia Dar es Salaam, katika chumba cha kupanga chenye feni isiyozimwa. Alikuwa anatengeneza kanzidata, yaani mahali pa kuhifadhia taarifa ili zipatikane zinapotakiwa, na hii yake ilikuwa ya mashamba ya bondeni kwetu. Rufiji ukijaa, maji hulala juu ya mashamba kama mtu aliyefika kwake. Yakiondoka yanaacha tope jipya juu ya matuta ya jana, mipaka imezikwa, na mara nyingine mto wenyewe umehama, njia yake ya zamani imebaki kidimbwi chenye mayungiyungi. Watu wakiteremka kulima wanaanza kuulizana: lako liliishia wapi, langu lilianzia wapi. Mradi mmoja ulimtaka kaka atengeneze kitu cha kusaidia kujibu maswali hayo, kwa kutumia yale wanayoyakumbuka wakulima wenyewe.

Alikuja nyumbani Kibiti kila alipopata nafasi. Mimi ni kitinda mimba, nilibaki na mama huku nikiandika hadithi zangu, kwa hiyo mawazo yote ya kaka yaliniangukia mimi.

"Watu wanadhani kichwa ni stoo," aliniambia siku moja tumekaa uani, mama akichambua kunde pembeni yetu. "Kitu kimewekwa mahali pake, unakwenda, unakichukua, kipo vilevile ulivyokiacha. Sivyo. Kichwa ni nyavu. Ukivuta fundo moja, mengine yanatikisika."

"Na hiyo nyavu yako inavua nini?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Inavua mashamba, mama."

"Basi ivue na chumvi. Imeisha tangu juzi na huyu mdogo wako anajifanya haoni."

Kaka alikuwa amesoma vitabu vya wanaochunguza jinsi akili inavyofanya kazi, na alichokipata humo alikipeleka kwenye kanzidata yake. Kanzidata za kawaida, alinieleza, unaziuliza jina la mwenye shamba na namba ya shamba. Lakini nani bondeni anakumbuka shamba lake kwa namba? Mtu analikumbuka kwa viboko waliokula mahindi msimu ule shangazi alipoolewa. Basi kaka akakifunga kila kitu na jirani zake: msimu, zao, ndoa, ugonjwa, nani alilima upande wa juu na nani upande wa chini. Ukitaja ndoa, mahindi yanaamka. Mahindi yakiamka, shamba linaamka. Fundo linalovutwa mara kwa mara linakaza. Lisilovutwa linalegea na kuzama, ingawa halikatiki.

Kisha kulikuwa na suala la uzito. Wasaidizi aliowatuma vijiji vya Mkongo na Ngorongo walirudi na majibu matamu mno. Kila walichokiuliza walikubaliwa. Kaka aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi, kwa sababu yeye ni wa huko.

"Umetoka mbali, umelowa jasho, mtu amekukaribisha kivulini mwake," alisema. "Unadhani atakwambia hapana?"

Kwetu ukiuliza njia unaambiwa hapo mbele tu, hata kama umebakiwa na mwendo wa asubuhi nzima, maana si vyema kumkatisha tamaa mtu aliyechoka. Hatuoni kwamba huo ni uongo. Ni kama kumpa maji. Kwa hiyo kaka aliamua kwamba jibu alilopewa mgeni liwe na uzito mdogo ndani ya kanzidata, na jibu lililotolewa nyumbani, baina ya watu wanaoweza kubishana, liwe na uzito mkubwa.

"Anayekubishia anakumbuka," alisema. "Anayekukubalia huenda anakukarimu tu."

Sasa niseme kuhusu dada yetu.

Alizaliwa baada ya kaka na kabla yangu. Sikuwahi kumwona. Wazazi wetu walikuwa na nyumba hii ya Kibiti na shamba la mpunga bondeni, na msimu wa kazi walihamia huko, wakalala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Mwaka mmoja maji yalikuja mapema. Dada alishikwa na homa wakati njia ya kupanda kijijini imekwisha kuzibwa. Kaka alikuwa huku Kibiti kwa bibi, anasoma. Dada alipofariki, waliokuwepo ni baba, mama na maji. Kwa desturi wanawake hawaendi kuzika, lakini siku ile mama alishika jembe. Walimzika palipoinuka kidogo.

Baba hakupenda kulizungumza jambo hilo, na alikufa nalo. Mto ukahama. Shamba lile tuliliacha. Majirani wa zamani wametawanyika, wengine wako Ikwiriri, wengine wako makaburini. Mama alipoanza kusahau sufuria jikoni, kisha kusahau kama ameswali, aliniambia jambo moja kwa sauti ya kawaida kabisa, anakunja kanga: "Nipelekeni nikamsomee mwenzenu dua, mimi mwenyewe, pale pale alipo. Kabla sijawa mtu wa kubebwa."

Nilimpigia kaka simu. Wiki ileile akaja na kompyuta yake.

Wazo lake lilikuwa rahisi na lilinipa matumaini. Tulikuwa na kanzidata iliyojaa mashamba ya eneo lile, mito midogo iliyokufa, vidimbwi, majina ya majirani, misimu. Tulikuwa na mama, ambaye nyavu zake zilikuwa zinalegea lakini bado zimeshika. Tukimuuliza mambo ya pembeni, alisema, fundo la katikati litatikisika, na kanzidata itatuonyesha ni wapi. Kuhusu uzito hakuwa na shaka. Aliyaandika majibu ya mama kuwa majibu ya nyumbani, yenye uzito kuliko yote.

"Kwa mama mimi si mgeni," alisema.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vita. Mama aliketi kwenye kigoda, kaka kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi nikirekodi kwa simu.

"Kutoka kwenye dungu mlikwenda upande wa jua kuchomoza au kuchwa?"

"Wewe, mtu ana maiti mkononi anaangalia jua?"

"Haya, mama. Mlitembea sana?"

"Sijui. Nilikuwa nimebeba. Ukibeba, karibu ni mbali."

"Mpunga ulikuwa umechanua?"

"Ulikuwa unanuka," alisema. "Ile harufu yake ukianza kuchanua. Tangu siku ile siupendi." Kisha, kama anayemsemesha mtu mwingine: "Tulikuwa ndani ya maji mpaka magoti. Nilijua tumefika kwa sababu miguu yangu ilikauka."

Kaka aliandika: mpunga unachanua, pakavu katikati ya maji. Kanzidata ikaonyesha sehemu nyingi zinazoweza kuwa ndizo, zimetapakaa kuanzia kidimbwi kimoja hadi kingine. Akauliza tena, na mama akamfukuza.

"Ondoka hapa na swali lako. Ulikuwa wapi mimi nikichimba? Ulikuwa kwa bibi yako unakula maandazi."

Kaka alitoka nje, akasimama karibu na mkorosho, ametupa mgongo. Aliporudi mama alikuwa ameshamwekea ugali na akamwambia ale kabla haujapoa, kama vile hakuna kilichosemwa.

Miezi ilipita hivyo. Kazi ya kaka ikawa nyingi, akaja mara chache zaidi. Mama akaanza kuniita kwa majina ya wadogo zake. Nilijifunza kuitika yote.

Halafu, wakati ambao sikutegemea tena, vikao vikawa vizuri.

Kaka alifika siku hiyo akiwa na picha ya bonde iliyopigwa kutoka angani. Mama alimpokea vizuri kupita kiasi. Alitandika ule mkeka mpya wenye ukili wa rangi, akaniagiza niteremshe vikombe vyenye maua kutoka kabatini, akauliza safari ilikuwaje, huko walikotoka wote hawajambo. Nilidhani ameamka na siku njema. Kaka akaanza taratibu.

"Palikuwa na mti karibu, mama? Labda mkwaju?"

"Mkwaju," mama alisema. "Ehe. Mkwaju ulikuwepo."

"Na kidimbwi? Kama hiki hapa, upande huu?"

"Hapo hapo."

"Na jirani wa upande wa chini alikuwa yule mwenye mitumbwi?"

"Ndiye huyohuyo. Mtu mwema sana."

Kaka aliniangalia, macho yanang'aa. Kila swali lilipata jibu, na majibu yalikaa pamoja vizuri, hakuna lililomsukuma mwenzake. Mimi kazi yangu ni kutunga hadithi, na hadithi ile ilikuwa imesimama wima. Nilikuwa nalia kimyakimya nyuma ya simu kwa furaha. Vikao viwili vingine vilikwenda vivyo hivyo. Kwenye kompyuta zile sehemu zilizotapakaa zilizimika mojamoja, ikabaki moja, upande wa chini wa Mkongo, kando ya kidimbwi kirefu chembamba. Kaka aliigusa kwa kidole kwenye kioo, akakiacha kidole pale.

Tulikodi gari. Ulikuwa wakati wa kiangazi, barabara ya Mkongo ina vumbi jekundu, na mama alikaa mbele amevaa baibui yake nzuri, akitazama mikorosho inavyopita. Barabara ilipokwisha tuliteremka bondeni kwa miguu, polepole, mama katikati yetu. Mtu mmoja alikuwa anafyeka shambani. Kaka alimweleza tunachokitafuta, akamwonyesha mahali kwenye simu. Yule bwana alitusikiliza, akaweka panga chini, akasema, "Poleni sana. Ndiyo, bila shaka ni hapo." Akasogea mbali ili tuwe peke yetu.

Palikuwa na mkwaju, kweli, mchanga, wa majuzi tu. Kaka alisafisha kipande cha ardhi kwa mikono. Tulimkalisha mama kwenye mkeka. Alitazama pande zote, kidimbwi, majani makavu, ndege weupe, akavuta mtandio wake vizuri kichwani. Kisha akamgeukia kaka.

"Pole, bwana," alisema. "Mungu akupe subira. Huyu aliyelala hapa ni nani wako?"

"Dada yangu," kaka alisema.

"Mkubwa kwako?"

"Mdogo."

"Masikini. Na mama yenu yu hai?"

Ndege waliruka kutoka kidimbwini wote kwa pamoja, wakatua tena palepale. Kaka alikuwa amepiga magoti, mikono ina udongo mpaka vifundoni.

"Yu hai," alisema.

"Basi mpe pole zangu. Mwambie na mimi nimezaa, najua." Akainua mikono yake miwili, akamsomea Fatiha binti yake kama anavyosomewa mtoto wa mwenziwe. Aliisoma yote, hakukosea herufi. Akamuombea rehema, akamuombea mama wa marehemu moyo wa kuvumilia, akajipangusa uso. "Mmenipa heshima kubwa kunileta," alisema. "Sasa turudi, jua linachoma, na wewe mgeni una safari."

Njiani mama alilala, kichwa kimeegemea dirisha la gari.

Nyumbani Kibiti kaka aliweka kompyuta mezani, akaanza kusikiliza rekodi zote kuanzia ya kwanza. Nilikaa naye. Tulimsikia mama akibisha, akitukana kwa upole, akisema sijui, akisema ondoka. Kisha kwenye kikao kilekile cha mkeka mpya, tulimsikia akisema hawajambo huko mlikotoka, na kuanzia hapo hapakuwa na hapana hata moja. Mkwaju ulikuwa wa kaka. Kidimbwi kilikuwa cha kaka. Jirani mwenye mitumbwi alikuwa wa kaka. Mama alivipokea vitu hivyo kwa mikono miwili na kumrudishia, kwa sababu mtu huyu mwenye adabu alikuwa ametoka mbali na alionekana kuhitaji sana jibu.

"Alikuwa ananiambia hapo mbele tu," kaka alisema.

Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa fundi anayetazama ufa.

Alinieleza jambo ambalo alilijua kwenye vitabu lakini hakuwa amelipa mahali kwenye kazi yake. Mtu akikumbuka, hatoi kitu kilichokaa. Anakijenga upya kila mara kwa vilivyo mbele yake, na swali lenyewe ni mojawapo ya matofali. Ukimuuliza mara nyingi, mwishowe unasikia maswali yako yanarudi. Kwa hiyo kuhifadhi jibu peke yake hakutoshi. Inabidi kuhifadhi swali lililoulizwa, na aliyeuliza, na zaidi ya yote, aliyeulizwa alidhani anazungumza na nani. Hilo la mwisho hakuwahi kulifikiria.

Alilifanya usiku wa siku hiyo na siku zilizofuata. Aliongeza sehemu mpya kwenye kanzidata yake, na nilisikia baadaye kwamba huko mradini waliipenda sana, ikawasaidia kutatua mambo mengi ya mipaka. Majibu ya mama aliyagawa. Ya mwanzo aliyaacha na uzito wake. Yaliyofuata aliyaweka upande wa wageni. Sehemu ile moja kando ya kidimbwi ikafifia, na zile nyingine zikarudi, zimetapakaa bonde zima kama mwanzo.

Nilimwomba aiache ile moja. Nilimwambia mama ameshasoma dua, shangazi zetu wameshapelekewa habari na wamefurahi, tungeweka mawe, tungekuwa na mahali pa kwenda siku ya Idi.

"Pale pana mpunga wa watu, mdogo wangu," alisema. "Na yeye yuko peke yake mahali pengine."

"Mama anaweza kukumbuka tena."

"Kila nikimuuliza ninamfuta. Kile kidogo kilichobaki ndani yake ni chake. Sitaki kukigusa."

Akaacha kuuliza. Siku alizokuja hakuleta kompyuta. Alikaa kwenye mkeka mpya, akanywa chai kwenye kikombe chenye maua, akajibu maswali ya mama kuhusu kazi yake na familia yake, na kila mara mama alishangaa na kusema ana mtoto wa kiume mwenye kazi kama hiyo hiyo, huko Dar es Salaam, mtoto mkaidi kidogo lakini ana moyo. Kaka alisema angependa kumfahamu. Wakati mwingine mama alizungumza mwenyewe, bila kuulizwa, kuhusu maji, kuhusu sauti ya viboko wakila usiku chini ya dungu, na kaka alisikiliza, mikono yake ikiwa juu ya magoti. Alichosikia hakukiandika popote.

Safari yake ya mwisho kabla ya mvua, alifika alasiri na begi, akiwa amepanga kulala. Mama alimkaribisha vizuri, akamuuliza kama mama yake hajambo. Baadaye alinifuata jikoni, akaufunga mlango.

"Huyu mgeni analala?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nadhani analala, mama. Kwani vipi?"

"Simfukuzi, ni mtu mzuri. Lakini mwanangu anakuja leo kutoka Dar, na chumba cha ziada tulichonacho ni kimoja. Nimeshamtandikia."

Mlango wetu wa jikoni ni wa bati, hauzuii kitu. Nilipotoka, kaka alikuwa amesimama uani, begi liko begani tayari. Alimshukuru mama kwa chai. Mama alimsindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa, akamwambia njia ni yake, arudi siku yoyote. Kaka alilala gesti, kule karibu na stendi. Mama alirudi ndani, akawasha taa ya kile chumba, akaketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa, na nilipomwambia aende kupumzika alisema bado kidogo, hawezi kuwa mbali.